Kosa la Tatu la Phelesia

Phelesia aliendesha lori la samaki kutoka Sindo hadi Migori miaka mingi bila kumkwaruza hata kuku. Kisha tajiri akaweka mashine mbele ya usukani: jicho moja likitazama barabara, jingine likimkodolea dereva. Ukikosea, inapiga kelele na kupeleka video Nairobi. Makosa matatu, kazi imekwisha.

Mimi, utingo wake, nilishuhudia mawili ya kwanza. Alijikuna sikio, mashine ikasema yuko kwenye simu. Akapiga miayo, ikasema amelala. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Mumewe amepooza, na nyumba nzima inamtegemea. Tangu hapo aliendesha shingo wima kama aliyemeza mwiko.

Alhamisi moja, kwenye mteremko wenye mstari wa manjano katikati, tukasikia vilio na firimbi. Ng'ombe wakatokea mbio, nyuma yao wanaume waliojipaka majivu, mikuki mkononi.

"Mama, tero buru!"

"Naona, omera."

Mzee akifa, ng'ombe hukimbizwa namna hiyo ili kifo kitoke bomani. Huku kwetu msafara huo haupigiwi honi wala hauzibiwi njia. Lakini ulikuwa umejaza upande wetu wote. Kushoto mtaro mrefu. Kulia, ng'ambo ya mstari, kweupe. Phelesia aliutazama mstari, akaitazama mashine.

"Hili ni la tatu," akasema, kama anayejiambia mwenyewe.

Akavuka. Mashine ikalia na kulia mpaka fahali wa mwisho akapita. Mwombolezaji mmoja alituinulia mkuki kushukuru.

Migori tulimkuta meneja wetu, Masese, simu sikioni. Yeye ni wa hukuhuku, mila anazijua, na aliwabembeleza wakubwa wa Nairobi hadi sauti ikamkauka. Mwishowe akaishusha simu.

"Wanasema mstari ni mstari. Mngepiga tu honi."

"Nimpigie honi mtu anamlilia babake?"

"Pole, Mama. Niachie funguo."

Akazitoa. Niliumia, nikalia mbele za watu, na sioni haya kusema.

Dereva mpya, Motari, ana adabu sana kwa ile mashine. Wiki iliyofuata tulikutana na msiba mwingine, ng'ombe wametanda barabarani, waombolezaji nyuma yao.

"Sogea kando, ndugu yangu," nikamsihi.

"Nivuke mstari nifutwe kama yule mama? Zii."

Akang'ang'ania upande wake na kukandamiza honi. Ng'ombe wakatawanyika, watu wakaruka huku na huku. Mzee mmoja alianguka mtaroni, mkuki ukamponyoka. Tulipokuwa tukimpita aliinua uso, machozi yamechora njia kwenye majivu, akanitazama mimi.

Mashine haikulia hata kidogo.