Majani Mabichi Ndani ya Tairi

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kisha unisikilize. Nimelisimulia jambo hili kwa watu wengi na karibu wote wamenicheka, akiwemo mke wangu, ambaye aliniona kwa macho yake nikirudi nyumbani bila lori. Sikuwa nimelewa. Sikuwa nimelala. Na halikutokea usiku, maana najua watu wanapenda mambo haya yatokee usiku. Lilitokea alasiri, jua bado kali, mlima Hanang umesimama mbele yangu bila hata wingu.

Miaka ile nilikuwa dereva kwenye mojawapo ya mashamba ya ngano ya serikali, kule tambarare. Asili yangu ni Masieda, Mbulu, ambako shamba la baba lilikuwa na mawe mengi kuliko udongo. Nilianza kwa kubeba magunia, nikawa utingo, hatimaye nikakabidhiwa lori. Unajua maana ya kukabidhiwa lori wakati ule? Nilioa kwa sababu ya lori lile. Nilijenga nyumba kijijini Mogitu kwa sababu ya lori lile. Ukiniondoa kwenye usukani, kilichobaki kwangu ni kurudi kwenye jembe, na jembe tulishaagana.

Shida ilikuwa matairi. Hayakuwepo. Na yalipokuwepo, yalikuwa chini ya mtunza stoo wetu, mtu ambaye sharti lake lilikuwa moja: huleti tairi bovu, hupati zima. Hata ukilileta, alilizunguka, akalipiga teke, akakuuliza limepasukaje, kana kwamba umelipasua kwa meno. Dereva akiomba tairi mara mbili ndani ya msimu mmoja, ilisemwa ameuza la kwanza. Wenzangu walinyang'anywa magari kwa hilo tu, bila mtu kuwauliza lolote.

Basi siku hiyo nilikuwa natoka karakana kwenda kuchukua ngano kwenye kombaini, ile mashine ya kuvunia. Gari tupu, nipo peke yangu, utingo amebaki kambini na homa. Msimamizi alikuwa ameamuru tupite njia mpya ya mkato iliyokatwa katikati ya shamba. Nimefika kama nusu ya njia, nikasikia mshindo, usukani ukanivuta kushoto. Tairi la mbele. Nikashuka nikaangalia. Limechanika ubavuni kiasi cha kuingiza mkono.

Utauliza, spea ilikuwa wapi? Spea yangu ilikuwa kwenye lori la mwenzangu. Iliazimwa. Kila kitu pale kiliazimwa na hakuna kilichorudi. Na upande wa pili wa shamba kombaini ilikuwa imejaa, imesimama inanisubiri, na najua msimamizi alikuwa ameshaanza kunitukana mimi na ukoo wangu. Nililipiga lile tairi teke mpaka kidole kikaniuma. Nikasema maneno ambayo katekista wetu asingependa kuyasikia.

Dereva wa siku zile alijua la kufanya. Tairi likikuharibikia porini na huna spea, unalifungua kwenye ringi, unatoa tyubu, unalishindilia majani mpaka lijae, unalirudisha, unajikokota taratibu hadi nyumbani. Nikaweka jeki, nikatoa vyuma, nikahangaika na ile ringi huku jasho linaniingia machoni. Kisha nikakusanya mabua ya ngano. Mabua makavu! Nikishindilia, yanakuwa pumba. Nikiongeza, yanakuwa pumba. Yalitakiwa majani mabichi, yenye kushikana, na kiangazi kile hukuona jani bichi hata moja kutoka pale hadi Katesh. Nikakaa chini karibu na gurudumu. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka, ya hasira.

Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa amesimama mbele yangu.

Sasa nielewe hapa. Shamba lililovunwa ni kelele. Mabua yanalia chini ya mguu, hata mbwa akipita unamsikia kutoka mbali. Mzee yule sikumsikia. Alikuwa Mbarbaigi, wale wafugaji wa tambarare ile, mrefu, amejifunga shuka nyeusi iliyochakaa, amekonda sana. Na mikononi alikuwa amekumbatia majani. Mabichi. Yana umande, jua lile la alasiri! Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye viwiko.

Mtu mwenye akili angeanza na shikamoo. Kwetu hata ukiwa unakimbia simba unamsalimia mzee. Lakini mimi sikuona mzee, niliona majani. Niliona tairi langu limejaa, niliona nimefika karakana.

Akanyoosha mikono yote miwili. "Mwanangu," akasema, Kiswahili chake kizito. "Pokea."

"Asante mzee, Mungu akubariki," nikasema, nikayapokea kwa mikono miwili.

Hakuondoa macho usoni kwangu. "Umekubali?"

"Nimekubali, mzee, nimekubali!" Nilishapiga goti, nashindilia majani. Nani angekataa?

Nikasikia akivuta pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetua mzigo. Akainama, akanitemea mate kidogo kifuani, kama wazee wanavyobariki. Mate yale yalikuwa ya baridi, baridi ya maji ya kisima. Nikarudisha ubavu wa tairi kwenye ringi, nikageuka ili nimwombe anisaidie kushika chuma. Hakuwepo. Nikazunguka lori. Nikachungulia chini ya lori. Pale ni tambarare tupu, mabua hayafiki hata gotini. Amejificha wapi? Niambie wewe.

Ukweli ni kwamba sikuogopa. Nilikuwa na haraka na nilikuwa nimekasirika, na mtu mwenye hasira hana nafasi ya woga. Nikafunga nati, nikageuza gari, nikarudi. Na lori lilienda vizuri mno. Majani huwa yanalegea baada ya muda, gurudumu linaanza kurukaruka. Siku ile halikuruka. Nilifika karakana kama niliyetembea juu ya godoro.

Aliyelifungua tairi alikuwa fundi Bura, Mmbulu mwenzangu, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Alichomeka chuma, akabinua, majani yakamwagika sakafuni. Yalikuwa mabichi vilevile, hayajasagika, hayajapondeka. Karakana nzima ikanukia mvua. Bura akarudi nyuma hatua moja.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Kuna mzee wa Kibarbaigi amenipa."

"Amekupa, au umeyakata mwenyewe?"

"Amenipa mkononi. Kuna nini?"

"Na wewe ukapokea?"

"Bura, tairi limepasuka, kombaini inasubiri, nisipokee?"

Akaacha kile chuma chini. "Wewe umekulia wapi? Mzee akija na majani mabichi mkononi, anakuomba jambo. Ukipokea, umekubali. Hata sisi tuliokaa nao jirani tunalijua hilo. Alikuomba nini?"

Nilikuwa nalijua, ndiyo. Nimewahi kuona watu wakisuluhishwa hivyo, mmoja anashika majani, mwingine akiyagusa tu ugomvi umekwisha. Lakini ukiwa umekaa chini na tairi lililochanika, majani ni majani. Nikamwambia Bura hakuomba kitu, aliniuliza tu kama nimekubali. Bura akatikisa kichwa, akaokota yale majani jani moja moja, akayapeleka nje akayaweka kivulini. Hakutaka mtu ayakanyage.

Mtunza stoo yeye hakujali majani. Alilizunguka tairi langu, akalipiga teke, akanihoji mpaka nikaona afadhali kushika jembe kuliko kuendesha gari. Mwishowe akatoa tairi jipya, akaniambia hilo ndilo la mwisho nitakaloliona msimu ule. Nikamwambia nimesikia.

Kesho yake asubuhi nikapita njia ileile. Nilipofika pale, tairi jipya likaanza kulala, polepole, kama ng'ombe anayepiga magoti. Nikashuka. Hakuna msumari, hakuna mwiba. Nikatuma ujumbe karakana, Bura akaja na pampu. Tulipolifungua, katikati ya tairi na tyubu kulikuwa na majani mabichi, konzi moja, yana umande. Tyubu tukaizamisha kwenye beseni la maji, haikutoa hata povu moja. Ilikuwa nzima.

Tukaijaza upepo. Nikapanda, nikawasha, likalala. Bura akaniambia nishuke, akapanda yeye. Lori likapita pale bila tatizo, likasimama upande wa pili. Nikavuka kwa miguu kwa kuzunguka mbali, nikapanda, likaenda. Wakati wa kurudi ikawa yaleyale. Nikiwemo ndani, tairi linakaa chini. Nikishuka nikazunguka, lori linapita. Unaweza kumweleza hivyo msimamizi anayesubiri ngano yake? Mimi nilimweleza. Aliniangalia, akawaangalia wenzangu, wote wakaangua kicheko.

"Kesho utaniambia lori linataka mahari," akasema.

Nikaanza kuzungukia upande wa pili wa shamba, safari ndefu, na dizeli nayo ilikuwa adimu kama matairi. Haikuchukua muda ikasemwa nauza dizeli. Nikaapa. Bura naye akanitetea, akaambiwa ashike spana zake. Nikaondolewa kwenye lori, nikapewa sindano ya kushonea magunia. Mimi, dereva, nakaa kwenye vumbi la makapi nashona magunia, na lori langu linapita mbele yangu na mtu mwingine, anapiga honi kunitania! Siku hiyo nilirudi Mogitu kwa miguu, na mke wangu akacheka akidhani natania. Aliponiona sicheki, akaacha.

Nilimchukia yule mzee. Niseme wazi. Nilimtafuta ili nimtukane. Siku ya mnada Katesh nikawa nauliza kwa Wabarbaigi kama wanamjua mzee mrefu, mwembamba, wa shuka nyeusi, anayezunguka kwenye shamba la ngano na majani mabichi. Wengi waligeuka wakaenda zao. Mama mmoja aliyekuwa anauza maziwa, mtu mzima mwenye sketi ya ngozi, akaweka kibuyu chini.

Nikamsalimia, safari hii nikakumbuka. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo unayemtafuta ni baba yangu."

Nikamwambia basi nipeleke kwake, nina maneno naye.

"Umeshakwenda," akasema. "Amelala palepale ilipopita njia yenu. Tulimjengea kaburi la heshima, la miti na udongo, refu kuliko mimi. Ukoo mzima ulikuja. Kila aliyepita aliweka majani mabichi. Halafu yakaja matrekta, yakalisawazisha, yakapanda ngano. Msimu huu mkaweka barabara."

Nikachuchumaa karibu na kibuyu chake.

"Madereva wa matrekta walimwona," akaendelea. "Alisimama mbele yao na majani. Mmoja alimpigia honi. Mwingine alimpita. Wengine walikuja kutuambia tumwondoe mzee wetu shambani. Miaka yote hiyo anabeba majani, na hakuna aliyeyapokea."

"Mimi nilipokea kwa sababu ya tairi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepanda, watu wakageuka kutuangalia. "Sikujua! Nimepoteza kazi, mama! Kwa nini mimi, na wengine wanapita kila siku?"

Akanitazama, na niamini, hakunitazama vibaya. "Wengine hawakukubali," akasema. "Wewe alikuuliza, ukasema umekubali. Sasa kuna mmoja asiyemkanyaga."

Akanimiminia maziwa, akakataa malipo. Nikayanywa. Hasira haikuniisha siku ile, na sitakudanganya kwamba imeisha yote leo. Lori lile nililipenda. Sikupata jingine tena, kila mwajiri aliposikia habari zangu aliniangalia kama mtu aliyerukwa na akili.

Shamba lile limeshapita, na serikali ilishaondoka. Njia ya mkato ikawa barabara ya watu wote. Nikipanda gari la kwenda upande huo, hata la kanisa, namwambia dereva anishushe kabla ya pale, nazunguka kwa miguu, wananisubiri ng'ambo huku wananung'unika. Kuna konda mmoja kijana aliyenikatalia. Alisema hana muda wa mambo ya wazee. Walishinda pale wakihangaika na pampu mpaka nilipowahurumia nikashuka mwenyewe.

Kwa hiyo wewe unayecheka, nakuonya. Ukikwama njiani, na akatokea mtu na kilekile unachokihitaji, funga hasira yako kwanza. Msalimie. Mpe shikamoo yake, muulize habari za nyumbani, kisha muulize anakuomba nini. Kama ningemsalimia yule mzee, angeitikia, tungeongea, na labda ningekataa. Mara nyingine nikiwa nazunguka pale kwa miguu najiuliza kama kweli ningekataa. Sijui. Ninachojua ni kwamba niliulizwa, nami nikajibu mara mbili, kwa sauti, nikiwa nimeshika majani yake mikononi.