Kufa Basi, Uanze Tena

Watu wanaotazama video za michezo ya zamani hawaamini kitu. Ukimaliza mchezo, wanasema umeuchezea kwenye kompyuta. Ukiwaonyesha mashine yenyewe, wanasema umekatakata video. Kwa hivyo mimi na rafiki yangu tulirekodi kila kitu kwa mkupuo mmoja: ile mashine ya plastiki iliyogeuka manjano, kaseti yake ya kuchomeka, runinga nzito yenye mgongo, na simu yangu ya pili tumeiegemeza kwenye mkebe ikitazama kioo. Sauti za chumbani tuliziacha zilivyo. Jirani akimgombeza mtoto, basi naye aingie kwenye video, ili wajuaji wajue hatujabandika kitu.

Mimi nakaa Kawangware, na kaseti nilikuwa nikizichakura huko kwa wauza vyombo vya umeme vilivyochoka. Yeye alikaa Kibera, mtaa wa Raila, kwenye chumba cha mabati, na runinga ilikuwa yake. Alikuwa fundi wa kuchomelea madirisha na milango, mtu wa kutoka Magharibi mwa Kenya, vidole vinene vimejaa makovu ya moto. Lakini ukimpa mchezo wa kuruka mashimo, vidole hivyo vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Jambo hilo lilinikera sana, na hata sasa nikilikumbuka linanikera.

Michezo ile haina huruma. Kajamaa kadogo kanakimbia kwenda kulia, kanaruka, kakiteleza kamekufa. Unapewa life tatu. Zikiisha unarudi mwanzo kabisa, hata kama ulishaukaribia mlango wa mwisho. Na rafiki yangu hakujua kufa kimya kimya. Alipiga mayowe kama mtu aliyevamiwa.

Siku ya kwanza aliponunua runinga, jirani yake alituingilia na kisu mkononi. Alikuwa mama wa kutoka upande wa ziwa, muuza samaki wa kukaanga, na kati ya jiko lake na kitanda cha rafiki yangu palikuwa na bati moja tu.

"Nani anakuua?" alipaza sauti. "Yuko wapi?"

"Pole mathe. Ni game tu," rafiki yangu akajibu.

"Game gani inaua mtu mchana hivi?"

"Si mimi, ni huyu mdogo wa kwa TV. Amebakisha life moja."

"Na hiyo ikiisha?"

"Naanza tena."

Mama akakatazama kale kajamaa, kisu bado kina magamba ya samaki. "Ana bahati huyo," akasema, akarudi kwake.

Mwanzoni alikuwa akitukaripia kupitia ukutani. Maneno huumba, alisema, na nyumba ambamo mtu anatangaza kifo chake kutwa nzima si nyumba ya kukaa Mkristo. Alipoona hatusikii, akaingia mchezoni kwa njia yake. Rafiki yangu akipiga yowe, "Nimekufa mathe!", yeye hujibu kutoka upande wa pili bila kuacha kugeuza samaki: "Kufa basi, uanze tena!"

Sauti yake imo katika video zetu nyingi. Wageni wa ng'ambo waliuliza mama yule anasema nini, tukawaeleza, wakaanza kuiandika sentensi yake chini ya kila video, herufi zimekosewa hovyo. Nilimpelekea simu aone. Alicheka akajifuta machozi kwa leso, kisha akauliza kama hao watu hula samaki.

Sasa nieleze habari ya stima. Pale ilikuwa ya sambaza, yaani kijana wa mtaa anavuta waya kutoka anakojua mwenyewe, anakuunganishia, na hakuna swichi ya kuukata umeme mambo yakiharibika. Sote tulijua, na fundi wa kuchomelea alijua kutushinda. Lakini mazoea yana taabu. Ekstensheni ilikaa chini, kwenye sakafu ya udongo, tukawa tunairuka kama kiatu kilichoachwa njiani.

Siku hiyo nilikuwa nikimpelekea waya mpya wa picha, kwa sababu runinga ilikuwa imeanza kutoa mistari. Mvua ikanishika Riruta. Nikasimama chini ya kibaraza cha duka na watu wengine, tukiitazama barabara ikigeuka mto. Akaniandikia kwamba amechoka kunisubiri, anaanza peke yake, nikifika nisibishe hodi kwa sababu anarekodi.

Nilifika Raila mvua imebaki manyunyu. Mama alikuwa mlangoni kwake, amelivuta jiko ndani lisilowe.

"Sasa mathe," nikamsalimia.

"Poa. Ingia tu. Rafiki yako leo amekufa vibaya. Amekufa mpaka akanyamaza."

Tukacheka sote wawili, mkono wangu ukiwa tayari mlangoni.

Maji yalikuwa yameingia kwa chini ya ukuta. Alikuwa amelala ubavu ndani ya maji hayo, mkono mmoja umeikamata ekstensheni. Nadhani alitaka kuiinua isilowe. Runinga ilikuwa inawaka, ule muziki wa mwanzo wa mchezo unacheza. Niliupiga ule waya kwa mguu wa stuli mpaka ukatoka, na chumba kikawa giza. Mama alikuwa nyuma yangu, anamwita, "Kijana wangu, kijana wangu," kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha aende kazini. Vijana wa mtaa walimbeba hadi kliniki iliyo karibu na Nyayo Highrise. Huko waliniambia jambo nililokuwa nimelijua tangu mlangoni.

Tulimzika kwao Magharibi. Niliporudi, simu ile ya pili ilikuwa bado mfukoni mwa jaketi langu; nadhani niliichukua pale kwenye mkebe siku ile bila kujijua. Ilikuwa imerekodi mpaka ikazima yenyewe.

Nilisikiliza mara moja. Mvua inapiga bati. Yeye anajisemea, "Ngoja kidogo," kisha kiti kinasukumwa. Halafu yowe, "Nakufa! Mathe, nakufa!", na nilitafuta ndani yake alama yoyote ya kulitofautisha na yale mengine yote, sikuipata. Lilikuwa yowe lilelile la kila siku. Na kutoka ukutani, sauti iliyochangamka, ya mtu aliye kazini kwake: "Kufa basi, uanze tena!"

Baada ya hapo rafiki yangu hakusema kitu. Kajamaa kamesimama tu kwenye kioo, hakana wa kukasukuma. Saa ya mchezo ikaisha, kakafa. Kakaanza tena, na kawimbo kake ka furaha, kakasimama, kakafa. Kakaanza tena. Nilimchukia mtu aliyetunga kawimbo kale, popote alipo.

Nilipokwenda kuchukua vitu, mama alikuwa kwenye jiko lake. Hakunisalimia. Aliuliza tu, "Ile simu yenu, ilikuwa inashika sauti?"

"Ilikuwa inashika."

"Na mimi niko ndani?"

"Uko, mathe."

Akageuza samaki, akamgeuza tena yule yule. "Alinijibu?"

Nilijua anachouliza, na nilimwonea huruma. Nikaona nikimwambia ule ukimya ulivyokuwa, atalala nao kila siku upande wa pili wa bati lile. Nikatafuta kitu chepesi cha kumpa.

"Alicheka," nikasema. "Alicheka kidogo, kama kawaida yake."

Aliacha kugeuza samaki. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Mvua ilikuwa kubwa," akasema. "Mimi nilikuwa najiambia labda mvua ilimeza sauti yangu. Labda hakunisikia." Akajifuta mikono kwa leso. "Kumbe alinisikia."

Nilisimama pale na mashine kwapani, samaki wake akianza kuungua.