Mume Anakaa Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wetu alinikabidhi wembe na mhuri, akaniambia nikwangue. Ilikuwa Moroni, wiki chache baada ya visiwa vyetu kupata uhuru. Mihuri ya taifa jipya ilikuwa haijafika, na ile ya zamani ilikuwa bado na jina la dola iliyotutawala. Basi nikakaa dirishani kutwa nzima nikikwangua herufi za mpira moja moja, roho juu, nisije nikaondoa na jina la mji. Jioni tukaujaribu juu ya karatasi. Likatoka duara lenye neno Moroni chini, na juu weupe mtupu. Mkuu akautazama, akasema, "Inatosha. Nchi ipo, maandishi yatakuja."

Ninyi vijana mnaotoa vibali kwa mashine mtacheka, na mimi nilicheka. Nilikuwa kijana wa Kingazija aliyezaliwa Unguja. Wazazi wangu walikuwa wamerudi kwao na masanduku matatu na watoto wengi, na tulikaa Ikoni kwa shangazi yangu. Kila asubuhi nilipanda teksi kwenda mjini, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Kitengo cha Wageni kiliniajiri kwa sababu nilijua Kiswahili, na wafanyabiashara wengi waliotoka Tanga na Unguja hawakujua Kifaransa. Kifaransa changu mwenyewe kilikuwa cha kuombea maji.

Kazi yetu ilikuwa kutoa kibali cha ukaazi wa muda. Watu wengi walikichanganya na viza, na nadhani mpaka leo wanakichanganya. Viza humruhusu mgeni aingie mlangoni, kibali humruhusu akae chini. Ili akae, mgeni alitakiwa kuleta pasipoti, picha, cheti cha daktari, cheti cha tabia njema kutoka alikotoka, na karatasi moja iliyowatesa wengi kuliko zote, yaani cheti cha makazi. Hicho ni cheti kinachoonyesha mgeni atalala wapi na ni nani anayemdhamini. Mkuu wa Kitengo alikuwa akisema, "Mgeni asiye na mlango ni mzigo ulioachwa bandarini. Kwanza nionyeshe mlango."

Mkuu huyo alikuwa mwembamba, mwenye tai nyeusi ambayo hakuivua hata joto la Desemba lilipotufanya sote tulowe. Aliipenda kanuni kama wengine wanavyoipenda chai. Siku moja alikuja mzee mmoja wa Kifaransa, mshauri wa zamani wa ofisi yetu, ndiye aliyemfundisha mkuu kazi. Sasa uhuru ulikuwa umemfanya mgeni, naye akasimama kwenye foleni nyuma ya muuza vitambaa kutoka Tanga. Alipofika mezani, mkuu akapekua karatasi zake, akamrudishia kwa heshima. "Picha zimepungua, bwana." Yule mzee akacheka mpaka akakohoa. "Nilikufundisha vizuri mno," akasema, akaenda kutafuta mpiga picha.

Baadaye nikahamishiwa Mutsamudu, kisiwa kingine. Nilishuka uwanja wa ndege wa Wani na sanduku langu, nikafika mjini nikijiona mtu mkubwa wa serikali, na kwenye vichochoro vya mji wa kale nikapotea mara moja. Lugha yao nayo ilinishinda mwanzoni. Mimi niliongea Kingazija, wao Kindzuani, tukawa tunakubaliana kwa vichwa kabla ya maneno. Sikuwa na ndugu pale, kwa hiyo nililala chumba cha nyuma cha ofisi, pamoja na makabati na panya mmoja aliyekuwa na cheo kunizidi.

Mkuu wa Ofisi ya Mutsamudu alikuwa mtu wa mji huo huo, mnene, mpole, mwenye kanzu nyeupe na kofia iliyodariziwa. Alikuwa na kitabu cha kanuni tulichorithi kwa Wafaransa, na kila swali alilisomea humo kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Nilimpenda yule mzee tangu siku ya kwanza. Lakini kidole chake kikishafika kwenye mstari, hakuna mtu aliyeweza kukiondoa.

Ndipo walipofika watu wetu kwa meli kutoka Madagaska. Mnajua yaliyotokea kule, jinsi watu wetu walivyouawa Majunga na waliopona wakakimbia. Wazee wenu wamewasimulia. Waliofika Mutsamudu waliwekwa kwenye madarasa ya shule, wakalala juu ya mikeka, vifurushi vyao vikiwa mito. Wenye asili ya visiwa hivi walipokewa kama wenyeji, nasi tuliwaandika bila shida. Lakini baadhi yao walikuwa wameoa Wamalagasi, na mke Mmalagasi, kwa sheria, alikuwa mgeni. Alihitaji kibali. Asiye na kibali angerudishwa na meli ileile ikija tena.

Mmoja wao alikuwa Rasoa, mke wa seremala aliyeitwa Saindu. Rasoa alikuwa msichana wa maneno machache, na mimba yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilimpa kiti changu. Saindu akasimama nyuma yake, ameshika kofia mkononi.

"Meli ikimchukua," akaniambia, "itamchukua na mtoto. Na mimi siwezi kumfuata. Kule nikionekana sitapona."

Nikampeleka kwa Mkuu. Kidole kikatembea kitabuni, kikasimama. "Mke mgeni hupata ukaazi kwa makazi ya mumewe," akasoma. "Haya, Saindu. Lete cheti cha makazi kwa jina lako, nami sitachelewesha."

Ilionekana rahisi. Saindu alikuwa na wajomba na binamu mji mzima. Nikaenda naye, kwa kuwa nilitaka mambo yaishe upesi. Tukaanza kwa mjomba wake mkubwa, mfanyabiashara. Alitupokea kwa furaha, akatumiminia chai, lakini aliposikia tunataka aandike kuwa Saindu anakaa kwake, akakuna kidevu.

"Kwangu? Mwanangu, mimi mwenyewe niko kwa mke wangu."

Tukaenda kwa wa pili, fundi cherehani. Yeye alikuwa nyumbani kwa mkewe, aliyejengewa na baba yake. Wa tatu, mpakiaji mizigo bandarini, alikuwa kwa mkewe na mama mkwe juu yake. Jioni tukakaa kwenye ngazi za kichochoro, hatuna hata jina moja, na Saindu, aliyekulia Madagaska, akauliza mji gani huu usio na mwanamume mwenye nyumba.

Hapo nikaelewa, nikaona aibu kwa ajili ya ofisi nzima. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba hujenga kwa ajili ya binti yake, na siku ya harusi mume ndiye anayehamia na sanduku lake. Hilo kila mtoto wa visiwa hivi analijua. Na sisi sote, tuliolelewa kwenye nyumba za mama na shangazi zetu, tulikuwa tumegonga mihuri kwa kanuni inayodai nyumba ya mume, wala hatukushtuka, kwa sababu wageni wetu wa kabla walikuwa wafanyabiashara wa kupanga na walimu wa nyumba za serikali.

Asubuhi yake nikamweleza Mkuu. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kisha akafungua kitabu palepale. "Imeandikwa mume," akasema. "Sikuiandika mimi."

Siku iliyofuata akaja Koko Zaliha. Koko ni bibi, na huyu alikuwa mama mkubwa wa Saindu, dada wa mama yake aliyefia Majunga. Aliingia amejitanda shiromani yake nyekundu, ile nguo ya wanawake wa kule, amemshika Rasoa mkono, akaketi mbele ya Mkuu bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye unayetaka nyumba ya mwanangu?"

"Koko, si mimi, ni kanuni. Mume lazima awe na makazi yake."

"Ewa. Na wewe jana umelala nyumba ya nani?"

Karani wa mlangoni akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Mkuu akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Nyumba ya mke wangu," akasema polepole.

"Na ukija kuniomba cheti cha makazi, niandike jina la nani?"

Mkuu akaanza kutabasamu, kisha tabasamu likamponyoka likawa kicheko, na tumbo lake likatikisika mpaka meza nayo ikatikisika. Lakini hakufunga kitabu. Alipotulia akasema kwa upole, "Koko, nakubali mume anakaa kwa mke. Huyu binti ana nyumba gani? Hana baba hapa, hana mama hapa. Nikiandika uongo, siku moja atakuja mkaguzi amtoe."

Hilo lilikuwa swali la haki, na nilimwona Rasoa akiinamisha kichwa ingawa hakuelewa maneno yote. Koko Zaliha akafikiri. Nyumba yake alikwisha kumpa binti yake Echati, na kwa desturi yetu jambo la nyumba haliamuliwi na mtu mmoja.

"Nipe mpaka Alhamisi," akasema. "Kisha njoo ukague."

Kukagua makazi ilikuwa sehemu ya kazi. Ofisa huenda kuona kama mlango upo, kitanda kipo, na maji yanapatikana. Kwa kawaida nilikwenda peke yangu. Alhamisi hiyo Mkuu alikuja mwenyewe, akijibana kichochoroni huku kanzu ikisugua kuta za pande zote mbili. Tukakuta chumba cha chini cha nyumba ya Koko Zaliha kimepakwa chokaa, na kimetobolewa mlango wake upande wa kichochoro. Echati alikuwa amekubali. Alisema mbele yetu kwamba chumba hicho amempa dada yake, na kwamba mama yake amepata binti wa pili.

Kisha tukasikia vigelegele. Saindu alikuwa anakuja na sanduku lake kichwani, vijana wenzake wakimsindikiza kama bwana harusi anayeingia nyumbani. Sherehe kubwa za ndoa serikali ilikuwa imezipiga marufuku wakati ule, basi ilikuwa chai na mkate wa kumimina tu. Mlango ulikuwa umefungwa. Saindu akapiga hodi.

"Nani?" ikauliza sauti ya Rasoa, kwa Kindzuani alichofundishwa kwa siku chache.

"Mumeo."

"Karibu kwangu."

Mlango ukafunguliwa. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu mwenyewe, na mke wangu akisoma haya atanisamehe. Mkuu akaniomba karatasi, akaiegemeza ukutani, akaandika kwa mkono wake: mume anakaa kwa mke, mke anakaa kwa mama yake.

"Mama yake nani?" nikauliza, maana pa jina palikuwa wazi.

"Mimi," akasema Koko Zaliha, akanyoosha kidole gumba kitiwe wino.

Tangu siku hiyo, Mutsamudu tulikubali mdhamini mwanamke. Wanawake wengine wa Kimalagasi wakapata vibali kwa njia hiyo hiyo, kila mmoja na mama yake. Koko naye akaniuliza mimi ninalala wapi, na nilipomjibu akasikitika sana. Hazikupita mvua mbili akawa amenitafutia mke mwenye nyumba.

Haikuchukua muda serikali ikavunja utumishi wote wa umma, majalada yakachomwa moto, na ofisi wakapewa vijana wa shule. Mwenyekiti wa kamati mpya, mwanafunzi mwenye ndevu changa, alimwuliza kila mgeni swali moja tu, kama anajua kulima. Mimi nikakaa nyumbani, nikalima vibaya. Utawala ule ulipoanguka nikaitwa tena, na kazi nyingi ilikuwa kuwaandika upya watu waliokuwa wamebaki na kadi zao za ukaazi mikononi. Rasoa alileta yake imefungwa kitambaa, na mtoto wa kiume mgongoni.

Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, aliingia mama mmoja mwenye shiromani nyekundu, amemshika mkono msichana mgeni. Sikumtambua mpaka alipoketi bila kukaribishwa. Msichana alikuwa kutoka Majunga, mke wa yule mtoto wa mgongoni, ambaye sasa ni fundi umeme na, kama mwanamume yeyote wa mji huu, hana nyumba.

Kitabu kilikuwa kimebadilika, lakini swali nililiuliza vilevile. "Mume anakaa wapi?"

"Kwa mkewe," akasema Rasoa.

"Na mkewe?"

"Kwa mama yake."

Sikuuliza mama yake nani. Alikuwa amekwisha kunyoosha kidole gumba, ananisubiri nifungue wino, na mimi sikuuona vizuri kwa machozi. Nikagonga mhuri, tukacheka wote wawili, yule msichana akatutazama asielewe kitu. Kisha nikafunga kabati, nikaenda zangu nyumbani kwa mke wangu.