Kabla ya Kumlaumu Mama Mkwe, Dondosha Maji Kwenye Nepi

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani kujizaba kofi. Ni siku ambayo mama mkwe wangu alifunga mzigo wake kwenye kanga, akatoka chumbani kwetu mtaa wa Sakina, Arusha, na kurudi kwake Oldonyo Sambu, siku tatu tu kabla ya ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza. Hakufukuzwa na njaa wala baridi. Alifukuzwa na mdomo wangu, na mdomo wangu ulifunguka kwa sababu ya nepi. Ndiyo, nepi. Cheka kwanza, ukimaliza kucheka kaa usikilize, maana naona ninyi wa leo mnaelekea kulekule nilikoanguka mimi, tena mnakwenda mbio.

Mimi ni Mmeru wa Kikatiti. Niliolewa na Mwarusha, fundi wa magari, tukapanga nyumba ya wapangaji wengi karibu na barabara ya Nairobi. Nilipomzaa Lazaro, mama mkwe alikuja kunilea, kama mzazi anavyostahili kulelewa. Nilimwita Yeyo, ndiyo kusema mama kwa lugha yao. Alikuja na kibuyu cha maziwa na kopo la mafuta ya kondoo. Mengine yalikuwa ya kutia kwenye supu yangu nipate nguvu, mengine ya kumpaka mtoto baridi isimpenye. Ilikuwa Julai, na Julai ya Arusha unaijua: Mlima Meru unajifunika wiki nzima, jua linachungulia saa nane mchana na kujiondokea.

Nami nilikuwa na nepi dazani moja za taulo, nyeupe pe, zawadi ya akina mama wa kwaya kule Kikatiti. Wakati ule hizo ndizo zilikuwa za kisasa, wenzangu wengi walikuwa wanachana kanga kuukuu. Nilizipenda nepi zile kupita kiasi. Nadhani mtoto alikuwa wa pili.

Yeyo alipotaka kunifulia, nilimkatalia. Niliogopa mikono yake itazitia harufu ya kondoo. Nikafua mwenyewe, na laiti ningejua kufua leo nisingekuwa na la kukusimulia. Bomba lilikuwa moja kwa nyumba nzima, maji yanatoka leo, kesho na keshokutwa hayatoki. Basi natia sabuni mpaka povu linafika kwenye viwiko, nasuuza mara moja kwenye beseni lilelile, naanika. Halafu kwa kuogopa mtoto asipate upele, kila ninapombadilisha namsiliba mafuta ya mgando makalioni, mazito kama siagi ya mtu asiyenunua siagi mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha, nikajipa na cheti.

Mtoto alipofikisha wiki ya tano, nepi zikaanza ukaidi. Akikojoa, mkojo hauingii kwenye kitambaa, unakimbilia pembeni na kupanda mgongoni mpaka kwapani. Nikamvalisha mbilimbili. Nikaongeza chupi ya plastiki juu yake, nikaikaza. Mapaja yakawa mekundu, kisha yakachubuka, ikawa kila ninapomshika miguu analia mpaka sauti inakauka. Nguo nyeupe ya ubatizo ilikuwa imetundikwa ukutani, Jumapili inakuja, na mimi sijui hata nitamvalisha vipi mtoto asiyetaka kuguswa.

Alhamisi wakaja wageni, wifi yangu na majirani wawili. Mmoja alimwona mtoto akafunga mdomo kwa kiganja. Mimi nikaona aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta upesi wa kumbebesha. Nikasema mbele yao wote:

"Yeyo, ni hayo mafuta yako ya kondoo. Ndiyo yamemuunguza mwanangu."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole unakifunga kitambaa, lakini ulimi utaufunga nini? Wifi yangu aliinamia kikombe chake. Yeyo alitoka nje, akarudi na nepi moja iliyokauka kutoka kwenye kamba, akaitandaza kwenye meza katikati ya vikombe, akachovya vidole kwenye maji na kudondosha matone matatu. Yale maji yalikaa juu. Yalisimama pale ya mviringo, kama umande kwenye jani la kabichi. Kisha akatoa kipande chake cha shuka kuukuu, kile alichokuwa anamfutia mtoto, akadondosha maji yaleyale. Yakazama hapohapo.

"Mimi nampaka mgongo na miguu," alisema, taratibu kabisa. "Huko chini sipaki. Nani anapaka huko chini?"

Mwanangu, jibu lilikuwa neno moja, tena fupi, na mimi niliyekuwa na maneno mengi dakika moja kabla nikalikosa. Yeye akasubiri, akaona halitoki, akainuka.

Hakuondoka hivihivi. Hapo ndipo panaponiuma. Kwanza alibandika sufuria kubwa jikoni, akachemsha nepi zote kumi na mbili, akaomba maji kwa jirani aliyekuwa na pipa, akasuuza mara nne mpaka maji yakawa hayana povu hata kidogo. Akamwosha mtoto kwa maji ya vuguvugu, akamwacha wazi kwenye shuka, bila nepi wala mafuta, miguu ikipigwa na kajua kale ka saa nane. Ndipo akafunga mzigo. Mlangoni aliniambia, "Mtoto atapona. Wewe sijui."

Mtoto alipona kweli. Kufika Jumapili alikuwa anakunja miguu kama kawaida. Nina picha ya siku ile. Wamo watu kumi na mmoja, wamo mpaka wapangaji wenzangu, na yule aliyemponya mtoto hayumo. Wiki mbili baadaye nilipanda Oldonyo Sambu na sukari na blanketi. Alinipokea, nikasema shikamoo, akaitikia, akamchukua mtoto, akapitisha kidole ndani ya nepi. "Sasa pamekauka," akasema, akanikaribisha chai. Alinisamehe bila kunitaka niseme chochote, nami kwa ujinga wangu nikafurahia kutosema. Amekwishalala, Mungu ampumzishe, na lile neno moja sijamwambia hadi leo.

Sasa sikiliza kinachonikera. Ungedhani mwanamke aliyepigwa somo kama hilo angekuwa na akili. Haya.

Lazaro yuleyule sasa ana ndevu, na ana mke anayeitwa Upendo, mwalimu, mtoto wa watu mwenye adabu. Wamemzaa Nashipai. Likizo ya uzazi ilipokwisha, Upendo akarudi kazini, nami nikaenda kukaa na mjukuu. Nikakuta hawatumii pampasi za kutupa isipokuwa wakisafiri. Wamenunua nepi za kitambaa za kisasa, zenye vifungo vya kubana mbele, zenye picha za twiga. Twiga! Makalio ya mtoto yanahitaji mbuga? Upendo alizichagua kwenye simu kwa kuzitazama sura. Zile za kwanza zilikuwa nene, kila kitu kimeshonewa ndani kwa pamoja. Zilikuja mwezi Juni, zikakaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka, zikaanza kunuka uvundo. Nilinung'unika, na kwa hilo nilikuwa na haki. Nepi ya Arusha haichaguliwi kama kitenge. Akanunua nyingine, zile za ganda la nje peke yake na kitambaa cha ndani kinachochomolewa, kila kimoja kinaanikwa mbali na mwenzake. Hizo zilikauka kwa siku moja, hata wakati wa ukungu.

Nikajisikia mshindi. Hapo ndipo mtu huharibikiwa.

Baada ya mwezi mmoja zikaanza kuvuja. Mgongo umelowa, shuka limelowa, mapaja ya Nashipai yameanza wekundu. Upendo anarudi kutoka kazini jioni amechoka, mimi namlaki mlangoni na lawama. Nikamwambia hizi twiga zake ni pambo. Nikamlaani aliyemuuzia, mtu ambaye sijawahi kumwona. Nikamwambia Lazaro kwamba mke wake anasikiliza simu kuliko watu. Siku tatu mfululizo nilisema, na hakuna aliyenijibu, nikadhani wananyamaza kwa kuwa nasema kweli.

Siku ya nne Upendo alichukua nepi moja kavu, akaja kukaa karibu yangu. "Mama," akasema, "naomba tuangalie pamoja." Akachovya vidole kwenye glasi ya maji.

Mwanangu, maji yalisimama juu. Ya mviringo.

Nilikuwa nimemshika Nashipai mapajani, namwandaa, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika kopo la mafuta ya mgando, vidole viwili tayari vimechota. Na kule bafuni kulikuwa na chupa ya dawa ya kulainisha nguo niliyoinunua mwenyewe dukani, nikawa namimina kwenye beseni kila siku ili nepi zinukie. Vitambaa vilikuwa vimelewa mafuta na manukato mpaka havitaki maji tena. Upendo alitazama kopo, kisha akaangalia pembeni ili nisione kwamba ametazama.

Unajua nilifanya nini? Nilikasirika! Mimi, mtu mzima na mvi zangu. Nilimpa mtoto wake, nikaingia chumbani, nikatoa begi chini ya kitanda, nikaanza kukunja vitenge. Najiambia nimedharauliwa, najiambia nitaondoka wabaki na simu yao. Nyani haoni kundule, na mimi hata baada ya kuonyeshwa nilikuwa nakataa kwamba ni langu. Nilikunja kitenge cha kwanza, cha pili, na nilipofika cha tatu mikono ikasimama. Nilimwona Yeyo anafunga kanga yake. Kwa mara ya kwanza nilijua mzigo ule ulikuwa mzito kiasi gani, na yeye hata hakuwa na kosa.

Nikaacha begi wazi. Nikarudi sebuleni, Upendo amemkumbatia mtoto, macho yake mekundu. Nikasimama mbele yake nikasema neno lililokuwa limenikwama kooni zaidi ya miaka thelathini.

"Ni mimi ninayepaka huko chini."

Tulizifufua zile nepi pamoja. Nilitaka kuzichemsha zote kama Yeyo, Upendo akanizuia, kwamba moto mkali utaua raba za miguuni na lile ganda la nje, na safari hii nilifunga mdomo nikasikiliza. Vitambaa vya ndani tukaviloweka kwenye maji ya moto na sabuni kidogo, ganda la nje maji ya vuguvugu tu, tukasuuza mpaka povu likaisha. Kesho yake tulidondosha maji. Yakazama.

Basi shika haya, na usinifanye niyarudie. Ukichagua nepi, kwanza tazama mbingu ya kwako, picha baadaye, uchukue ile inayoachana vipande ili ikauke. Ifue mara kadhaa kabla mtoto hajaivaa, maana mpya hainywi vizuri. Ukifunga, kidole chako kipite pajani. Badilisha kila baada ya saa mbili au tatu, hata kama twiga bado anaonekana mkavu. Sabuni iwe kidogo na maji ya kusuuza yawe mengi. Dawa ya kulainisha iache dukani. Mafuta mazito yasikutane na nepi, na ngozi ikichubuka sana mpeleke mtoto zahanati, usiugeuze ua wako kuwa maabara. Na kabla hujamtamkia neno mtu aliyeacha ng'ombe wake na shamba lake akaja kukulea, dondosha maji kwanza. Kama yamesimama, anza kuitazama mikono yako mwenyewe.

Nashipai alibatizwa mwezi uliopita. Ipo picha. Nimesimama katikati nimembeba, Upendo ameniegemea bega, na mtoto amevaa twiga chini ya gauni jeupe, mkavu kabisa. Nimeitundika karibu na ile ya zamani.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie watoto wenye ngozi njema na kamba iliyojaa nguo safi. Akupe jua hata mwezi wa saba. Akupe na mdomo mwepesi wa kusema "ni mimi", tena uliseme wakati uliyemkosea bado yu hai kulisikia.