Hawajatuamkia

Pilipili ikiungua kikaangoni, hadi leo nalowesha kanga haraka nijifunike uso. Bibi ndiye aliyenifunika hivyo mara ya kwanza, siku wanawake wa kijijini walipoketi barabarani kudai nyavu zilizokamatwa ndani ya hifadhi ya bahari.

Miaka ya nyuma watu wakigoma hivyo, alikuja askari mmoja kwa baiskeli, akavua kofia. "Shikamoo, mama. Haya, nielezeni."

Siku ile askari waliteremka kwenye lori, nyuso nyuma ya vioo vya kofia ngumu.

"Tawanyikeni!" kilifoka kipaza sauti.

Wenzetu wakaanza kukimbia. Nilimvuta bibi mkono.

"Ngoja kwanza," alisema, akijiweka sawa. "Hawajatuamkia."

Bomu la machozi likatukuta tumekaa, tunangoja shikamoo.