Magauni Mawili, Kipimo Kimoja

Wanangu pacha walitoka na kondo moja ya nyuma. Mkunga alinionyesha, akasema, "Hawa kitu kimoja, mwanangu. Hata weye utawachanganya." Kweli niliwachanganya, hata nikamfunga mmoja uzi mweusi mkononi.

Wifi yangu wa Micheweni hakujaaliwa mtoto, na kwetu mwenye wawili hamnyimi ndugu asiye na hata mmoja. Nilipowaachisha ziwa nikampa yule mwenye uzi. Nililia siku tatu, kisha nikajifariji kwa upumbavu wangu: huyu niliyebaki naye ni yule yule. Akirefuka, nasema wamerefuka. Aking'oka jino, nasema na mwenzake kang'oka. Nikiletewa salamu kwamba mtoto hajambo, sikuuliza zaidi.

Sisi tulikaa bondeni, kwenye mpunga na mikarafuu. Kule kwa wifi ni mawe matupu, mtama wanaupanda kwenye nyufa. Halafu vikaja vita, na mchele wa meli ukakatika. Wifi alimlisha makopa ya muhogo, na siku nyingine alilala na njaa ili mtoto ale. Simlaumu. Ningempata wa kumlaumu ingekuwa nafuu.

Walipofika miaka saba wifi akafariki, nikaagiza mtoto aletwe. Idi ilikuwa karibu, basi nikashona magauni mawili kwa kipimo cha huyu wa nyumbani. Sikuwaza mara mbili. Si damu moja, kondo moja?

Alipoingia uani nilitazama nyuma yake, nikidhani mwanangu bado yuko njiani. Ndipo nikauona uso: ule ule wa mwenzake, juu ya mwili wa mtoto wa miaka minne.

Nilimvisha gauni, likaburuzika chini. Nikachukua mkasi. Akalishika pindo kwa mikono miwili.

"Mama, usilikate. N'takua."

Nikampa kila kitu: maziwa, mayai, samaki, wali. Mwili ulipokea kidogo tu. Wakati wake ulikuwa umepita, na mwenzake hakusimama kumngoja. Niliwazaa sawa, nikamharibu mmoja kwa mkono wangu, na hakuna dua iliyonirudishia ile miaka.

Gauni lilimkaa sawa baada ya miaka mitatu. Alikimbia kwa furaha kumwonyesha pacha wake, na pacha wake akainama kumfunga kifungo cha shingoni.