Mchanga wa Ufuoni

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Bondeni, Jumapili mchana jua likiwaka.

Mke wangu alipoondoka alibeba kila kitu, akaniachia tangi la samaki. Ni samaki wadogo, asili yao Ziwa Tanganyika, wanaoishi mchangani: wanaubugia, wanauchekecha, wanautema. Mama hubeba watoto mdomoni mpaka wapate nguvu. Nilingoja sana mmoja abebe, na alipobeba, nakuambia, nilifurahi kama baba mzazi.

Sisi wafugaji wa Nakuru tunaamini mchanga wa ziwa letu, kwa sababu ya magadi, unawafaa samaki hao. Kwa hivyo nilikuwa nimechota ndoo moja pale ziwa lilipofurika na kumeza nyumba za watu. Mchanga wa bure, nani angeuliza?

Jumapili hiyo akabisha mama mmoja mzee. Gauni lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni, na mvua tulikuwa hatujaiona tangu Krismasi. Alipita moja kwa moja hadi kwenye tangi.

"Mathe, umepotea?"

"Sijapotea. Huo mchanga ni wa kaburi ya mtoto wangu. Nilimzika nyuma ya nyumba, kabla ziwa ikuje. Nirudishie, kijana yangu."

Nani alimwambia nilikoutoa? Mimi sikuwa nimemwambia mtu. Lakini kuutoa mchanga kungemshtua samaki wangu, ateme watoto kabla ya wakati, na nilikuwa nimeshanyang'anywa vya kutosha.

"Leta ushahidi, mathe," nikamwambia, nikamfungulia mlango.

Alimtazama yule samaki kwa muda. "Huyo pia ni mama," akasema, akatoka. Nilipochungulia sikumwona, na majirani waliokuwa wakifua nje waliapa hakuna mtu aliyepita.

Jioni samaki alifungua mdomo. Niamini, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kioo. Hakutoka mtoto hata mmoja. Alitema mchanga, akatema tena na tena, kisha akalala ubavu akafa.

Niliurudisha ule mchanga, lakini ufuo wenyewe ulikuwa umeshaingia majini, nikaumwaga tu. Nikanunua samaki wengine na mchanga wa dukani. Wanabeba vizuri, na siku ikifika wanatema mchanga. Inaniuma, na mpaka leo sijui nimlaani mama yule au nimwombee.

Wewe unayefuga, usichote mahali watu walipokuwa wakiishi. Na mama akikuambia mtoto wake yuko hapo, usimwombe ushahidi. Mimi niliuomba, nikapewa.